Nani Ameshika Saa ya Hadithi?

Kila kitabu cha katuni kinapogeuzwa kuwa filamu, mashabiki huuliza: wamefuata kitabu? Kisha huweka kisanduku cha picha cha kitabuni kando ya fremu, yaani picha moja, ya filamu na kuhesabu zinavyofanana. Kwangu mimi kipimo hicho hakipimi kitu. Picha zaweza kufanana mpaka kivuli cha kofia na hadithi ikawa nyingine kabisa, kwa sababu aliyeshika saa amebadilika.

Sinema huenda kwa fremu 24 kila sekunde. Ukipiga chafya, zimekupita. Mwongozaji ndiye anayeamua umtazame mama aliyefiwa kwa sekunde mbili au kumi, na akiweka muziki ameshakuamrisha ulie. Mchoraji hana ubabe huo. Kisanduku chake unaweza kukikodolea macho upendavyo, ukarudi kurasa tatu nyuma kuhakikisha kama yule mzee alikuwa na kisu tangu mwanzo. Tena kuna ule mwanya mweupe kati ya visanduku. Hapa mkono umeshika kitasa cha mlango. Pale chumba kitupu, kiti kimepinduka. Kilichotokea katikati hakuna aliyekichora. Umekitunga wewe, na ukatili wake ni kwa kiasi unachokiweza.

Chukua Watchmen, katuni ya Alan Moore na Dave Gibbons iliyotoka kati ya 1986 na 1987. Sura yake ya tano imepangwa kama kitu na taswira yake kiooni: mpangilio wa visanduku katika ukurasa wa kwanza unalingana na wa mwisho, wa pili na wa pili kutoka mwisho, hadi zikutane katikati. Filamu ya 2009 iliiga michoro mingi kwa utiifu wa kupindukia, lakini ulinganifu huo ungeingia wapi? Filamu haina kurasa za kufunua na kurudia. Mimi niliiona nzuri, na imekufa ganzi.

Marjane Satrapi alifanya vingine. Persepolis, katuni ya kumbukumbu zake za kukulia Iran, ilianza kuchapishwa Ufaransa mwaka 2000, yote kwa nyeusi na nyeupe. Mwaka 2007, yeye na Vincent Paronnaud walipoitengenezea filamu ya katuni, waliweka mandhari ya sasa, ya uwanja wa ndege, kwa rangi, na ya zamani yakabaki bila rangi. Kitabuni weusi ule ni wino tu, umeuzoea baada ya kurasa chache. Kwenye filamu umekuwa umbali: nyumbani kusikofikika. Hapo hadithi imesimuliwa upya na chombo kipya, na ndiyo maana naiheshimu kuliko zile za kunakili.

Simu nayo imeleta mambo yake. Katuni za Korea Kusini zinazosomwa kwa kutelezesha kidole kwenda chini hazina ukurasa wa kufunua. Mchoraji akitaka kimya, anarefusha weupe kati ya picha, na kidole kinahisi ule urefu. Nazipenda. Nisichokipenda ni filamu kutazamwa kwa kasi ya moja na nusu. Mtazamaji amempokonya mwongozaji saa, sawa, lakini zile sekunde kumi za uso wa mama zilikuwa ndiyo simulizi yenyewe, na hakuna mwanya mweupe wa kumfidia.