Fahari Inayohimili Maswali ya Mtoto

Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia wawili weusi wa Marekani, Mamie Clark na mumewe Kenneth, waliwawekea watoto weusi wanasesere mbele yao na kuwauliza maswali. Wanasesere hao walifanana kwa kila kitu isipokuwa rangi: wengine weupe, wengine wa kahawia. Mtoto aliombwa atoe aliye mzuri, kisha aliye mbaya, kisha yule ambaye angependa kucheza naye, na walio wengi walimpa mweupe uzuri, wa kahawia wakampa ubaya. Mwishoni alitakiwa kumtoa mwanasesere anayefanana naye mwenyewe. Hapo wapo watoto walioangua kilio, na wapo waliotoka chumbani mbio. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipopiga marufuku kuwatenganisha wanafunzi kwa rangi katika shule za umma mwaka 1954, kazi ya Kenneth Clark ilitajwa katika hukumu yenyewe.

Swali la wanasesere halijaisha. Wazazi na walimu wa watoto wenye asili ya Afrika, wawe Marekani, Brazili, Uingereza au visiwa vya Karibi, bado wanatafuta namna ya kumlea mtoto aipende asili yake katika jamii ambayo mara nyingi humwonyesha kinyume. Wapo wanaoshikilia kwamba fahari ifundishwe mapema, kwa makusudi na bila kuona haya: majina, picha ukutani, sikukuu, hadithi za mashujaa. Wapo wanaohofia kwamba fahari ya namna hiyo humtwika mtoto mzigo wa kuwawakilisha watu wote wa rangi yake, au humlisha historia iliyopambwa. Mimi naona hoja hii ya pili ina uzito kuliko wengi wetu tunavyopenda kukiri. Haitoshi kuiangusha ile ya kwanza, lakini inatudai tuchague kwa uangalifu kile tunachowapa watoto.

Kukaa kimya si njia ya kati. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na katika jambo hili ulimwengu hausubiri. Binti mdogo hukaa sakafuni jioni nzima, katikati ya magoti ya mama yake, kichwa kimeinama, chanuo na kopo la mafuta vikiwa pembeni, akisukwa mstari kwa mstari mpaka usingizi umchukue. Asubuhi anafika shuleni na kuambiwa kuwa mtindo huo haukubaliki. Mambo ya namna hii yalitokea mara nyingi kiasi kwamba jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2019 ya kuzuia ubaguzi unaotokana na nywele, na majimbo mengine yakafuata. Mtoto ambaye nyumbani hakuwahi kuambiwa lolote kuhusu nywele zake atalipokea neno la kwanza kutoka kwa anayezikataa.

Watafiti wa Marekani wanaochunguza malezi ya watoto weusi hutenganisha mambo mawili ambayo katika nyumba nyingi huchanganyika: kumfundisha mtoto utamaduni na historia yake, na kumfundisha kutowaamini watu wa rangi nyingine. La kwanza, kwa jumla, limeonekana kwenda pamoja na mtoto kujithamini zaidi. La pili halikuleta faida kama hiyo. Ikumbukwe pia kwamba jaribio la akina Clark lenyewe limepingwa, kwa kuwa kumchagua mwanasesere mweupe si lazima kumaanishe kwamba mtoto anajidharau. Mtoto anaweza kujua kwa usahihi kabisa kile ambacho jamii inakisifu, na bado akajipenda. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaowatazama watoto weusi kama wagonjwa wanaongoja tiba, na mtazamo huo nao huwaumiza.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko katika hadithi za wafalme. Mtoto huambiwa kuwa yeye ni uzao wa malkia na masultani, huonyeshwa Mansa Musa wa Mali akipita Kairo mwaka 1324 akigawa dhahabu, huonyeshwa Malkia Njinga wa Ndongo na Matamba, falme za eneo la Angola ya leo, aliyewasumbua Wareno kwa miongo kadhaa. Hayo yalitokea, na yanastahili kusimuliwa. Lakini msafara wa Mansa Musa ulikuwa na watumwa, na Njinga naye aliuza mateka. Kijana wa miaka 12 mwenye simu mkononi atayajua hayo siku moja, na siku hiyo atajiuliza kama waliomsimulia walimficha kwa makusudi. Zaidi ya hapo, katika watu wapatao milioni 12.5 waliopakiwa melini kuvuka Atlantiki, ambao takriban milioni 10.7 kati yao walifika wakiwa hai, walio wengi mno walikuwa wakulima, wavuvi, wahunzi, wafumaji, mama na watoto. Tukisema heshima ya mtoto inatokana na taji, tumewavua heshima mababu zake halisi, ambao hawakuwa na taji lolote na walistahili heshima vilevile.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaguswa na jambo hili kwa namna ya pekee, kwa sababu ya Kwanzaa. Sikukuu hiyo ya Wamarekani weusi ilianzishwa mwaka 1966 na mwanaharakati Maulana Karenga, nayo huadhimishwa kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari, ikiwa na nguzo saba zenye majina ya Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Mezani hutandikwa mkeka, hupangwa mishumaa saba, na huwekwa hindi moja kwa ajili ya kila mtoto wa nyumba hiyo. Mkubwa huuliza, "Habari gani?" Mtoto hujibu kwa jina la nguzo ya siku hiyo, "Nia!" kwa mfano, kisha mshumaa huwashwa.

Wakosoaji wana hoja nzito. Wahenga wa Wamarekani weusi walichukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati Magharibi, ambako Kiswahili hakikuzungumzwa. Tena Kiswahili hichohicho, katika karne ya 19, kilikuwa lugha ya misafara iliyowafikisha mateka pwani, na soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu. Kwa mtazamo wangu, mtoto anayekua akiwasha mishumaa hiyo ana haki ya kuyajua hayo anapopata umri. Hata hivyo, siamini kwamba yanaibatilisha sikukuu. Watu walionyang'anywa lugha zao kwa nguvu walichagua lugha kubwa ya Kiafrika isiyofungwa kwa kabila moja, wakaifanya yao. Na sisi tunaoimiliki bila jasho tungefanya vizuri kuliona hilo kama heshima tuliyopewa, kabla ya kuanza kusahihisha matamshi.

Shuleni hali ni tofauti kidogo. Huko Marekani mwanahistoria Carter G. Woodson alianzisha wiki ya historia ya watu weusi mwaka 1926, ikawa mwezi mzima wa Februari mwaka 1976, na malalamiko kwamba Februari imekuwa kabati la kufungia somo hilo yana ukweli. Brazili ilichukua njia nyingine: sheria namba 10.639 ya mwaka 2003 iliagiza historia na utamaduni wa Waafrika na Waafrika-Brazili ufundishwe ndani ya mtaala wa kawaida. Utekelezaji umesuasua, hasa kwa uhaba wa walimu walioandaliwa, lakini naona mwelekeo huo ndio sahihi, kwa kuwa humfikia pia mtoto asiye mweusi, ambaye macho yake ndiyo yatakayomtazama mwenzake darasani.

Lipo swali la umri, nalo huwasumbua wazazi kuliko yote: mtoto aambiwe lini kuhusu utumwa? Ningependa asiujue kama mwanzo wa watu wake. Kwanza ajue kuwa walikuwa na mashamba, ngoma, michezo na mabishano, kisha meli, kisha Palmares, makazi ya waliotoroka utumwa nchini Brazili yaliyodumu kwa sehemu kubwa ya karne ya 17, kisha Haiti, iliyojitangazia uhuru tarehe 1 Januari 1804, na deni la faranga milioni 150 ambalo Ufaransa iliidai mwaka 1825 kama gharama ya kuitambua. Mtoto anaweza kulibeba jambo zito ikiwa anamwona mtu wake ndani yake akifikiri na kutenda.

Lakini hata historia iliyosimuliwa vizuri hubaki nje ya mtoto kama hapewi cha kufanya kwa mikono au kinywa chake. Katika miaka ya 1930, mwanaisimu Lorenzo Turner alimrekodi mwanamke mmoja wa jamii ya Gullah, Wamarekani weusi wa pwani ya kusini-mashariki, huko Harris Neck, Georgia, aitwaye Amelia Dawley, akiimba wimbo ambao hakujua maana ya maneno yake. Ulikuja kutambuliwa kuwa wa Kimende, lugha ya Sierra Leone. Miongo kadhaa baadaye watafiti walimpata mwanamke katika kijiji cha Senehun Ngola, Bendu Jabati, aliyekuwa na wimbo unaokaribiana kabisa na huo. Aliurithi kwa bibi yake, nao ulikuwa wa mazishi. Walimpata pia Mary Moran, bintiye Amelia, ambaye alikuwa bado anaukumbuka. Mwaka 1997 alisafiri hadi kijijini na jamaa zake, na wanawake hao wawili wakakutana. Amelia hakuwahi kumweleza bintiye wimbo unasema nini. Alikuwa akimwimbia tu, naye mtoto akaushika.