Aliyepoteza Sauti Katika Tom and Jerry

Waliokulia kwenye Tom and Jerry wanaikumbuka miguu yake: soksi zimeporomoka, ndala miguuni, aproni kiunoni, na ufagio unaomshukia paka. Uso hauonekani. Huyo ni Mammy Two Shoes, mtumishi mweusi wa nyumbani aliyeingia kwenye katuni hizo mwaka 1940 na kutoweka mwaka 1952.

Wanaotaka filamu hizo zifungiwe wana haki ya kusikilizwa. Wachoraji weupe walimchukua mwanamke mweusi, wakamnyima uso, wakampa Kiingereza kilichopotoka ili watu wacheke. NAACP, chama kinachotetea haki za Wamarekani weusi, kilimlalamikia tangu enzi hizo, na kilikuwa sahihi. Mtoto hawezi kujua kwamba kinachochekwa pale ni dhihaka ya zamani.

Lakini tuangalie dawa iliyotumika. Sauti ya mtumishi huyo ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi, na jina lake halikuandikwa kwenye filamu. Miaka ya 1960, filamu zilipoandaliwa kwa ajili ya televisheni, baadhi ya matukio yalichorwa upya, mtumishi akawa msichana mweupe mwembamba. Kwingine miguu ikabaki ileile myeusi, ila sauti ikawa ya June Foray, mzungu, kwa lafudhi ya Kiayalandi! Miaka ya 1990 maneno yakarekodiwa tena, safari hii na Thea Vidale, mchekeshaji mweusi, lafudhi ya awali ikiwa imeondolewa.

Hesabu aliyepoteza. Majina ya William Hanna na Joseph Barbera, walioibuni dhihaka hiyo, yamebaki palepale mwanzoni mwa filamu. Aliyefutwa ni mwanamke mweusi aliyekuwa kazini, tena katika tasnia iliyompa mtu kama yeye nafasi chache mno. Mimi hapo sioni heshima aliyorudishiwa.

Filamu hizo zisipenyezwe katikati ya vipindi vya watoto, hilo silipingi. Ila zitunzwe na sauti yake halisi, onyo litangulie, na jina la Randolph liandikwe.

Katika Saturday Evening Puss, mojawapo ya filamu hizo, ya mwaka 1950, Mammy Two Shoes anatimua mbio kurudi nyumbani, na uso wake unapita kwenye skrini kufumba na kufumbua. Ukitaka kuuona, lazima uisimamishe filamu.