Hiki Kinaitwaje?

Mlango wa nyumba aliyozaliwa mama yangu, kule Kuze katika Mji wa Kale wa Mombasa, nimeupita tangu sijajua kutembea. Nimeupita nikiwa mgongoni, nimeupita na vitabu vya shule kwapani, nimeupita nikiwa bi harusi. Mbao zake ni nzito, zimekolea weusi kama kahawa chungu, na katikati, pale mbao mbili zinapokutana, pana mti mwembamba uliochongwa mnyororo na maua kutoka juu hadi chini. Jumamosi moja mwezi uliopita binti yangu, ambaye ana miaka minane, aliuwekea kidole akaniuliza, "Mama, hiki kinaitwaje?"

Nikamwambia ni mlango.

"Mlango ni wote. Hiki cha katikati."

Sikujua. Miaka yangu yote ya kuupita mlango ule, sikuwahi kujiuliza. Ikabidi tumwendee mama yangu, aliyekuwa amekaa ukumbini na ungo wa mchele mapajani. Hakuinua hata kichwa. "Mfaa, huo," akasema, na akaendelea kuchambua. Mjukuu wake hakuridhika, akataka kujua mfaa ni wa nini. Hapo nyanya akauweka ungo chini. "Ndoo nikuonyeshe."

Akatuonyesha kwamba mfaa umepigiliwa kwenye ubao mmoja tu, nao hulalia ukingo wa ubao wa pili na kuziba mwanya ulio kati yao. Kwa hivyo kila ubao una zamu yake ya kufunguliwa, na zamu yake ya kufungwa. Ukifanya kinyume, mlango haukubali. Binti yangu alifunga na kufungua mara nne, tano, akicheka kila mfaa ulipotua mahali pake na kutoa ule mlio wake mzito. Mimi nilisimama nikikumbuka nilivyokuwa nikikaripiwa utotoni kwa kufunga ubao usiokuwa wake kwanza. Nilidhani ni ada za nyumba tu, kama kuvua viatu. Kumbe mlango wenyewe ulikuwa na kanuni yake.

Usiku ule, watoto walipolala, nilichora mfaa. Nilijaza kurasa sita.

Lazima nieleze kwa nini kurasa sita ni jambo kubwa kwangu. Nilipokuwa shule nilichora sana. Kisha nikapata kazi ya hesabu katika ofisi ya mizigo, nikaolewa, nikazaa watoto wawili, na penseli ikabaki ya kuandikia orodha ya sokoni. Mwaka jana nilinunua daftari zuri la kuchorea, lenye karatasi nene. Nikaenda nalo ufukoni Mama Ngina, nikakaa chini ya mibuyu nikitazama mlango wa bahari ambamo meli huingilia Kilindini. Upepo wa kusi ulikuwa mzuri, bahari ilikuwa nzuri, na meli kubwa zikapita karibu hata nikaweza kuwaona watu waliosimama juu yake. Nilikaa mpaka magharibi. Sikutoka na mstari hata mmoja niliotaka kuuhifadhi. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba kile kitu kilichokuwa ndani yangu kimekwisha.

Sasa naamini vingine. Sikuwa na swali lolote kuhusu bahari ile. Nilikwenda kuitazama ili initie ilhamu, kama mtu anayeweka kikombe chini ya mfereji na kungoja. Kwenye mfaa nilikuwa na swali, na zaidi ya swali nilikuwa na jina. Kitu usichokijua jina hukipita kama unavyopita hewa. Ukishaambiwa jina, macho hukirudia yenyewe. Tangu siku ile siwezi kupita Ndia Kuu bila kuhesabu mifaa: huu wa mnyororo, huu wa maua ya duara, huu umeliwa na mchwa, hapa palikuwa na mlango wa mbao na sasa pana geti la chuma. Hayo mageti yananiuma. Naelewa sababu zake, mbao hula pesa na fundi wa kuchonga si rahisi kumpata, lakini yananiuma.

Na hiyo Ndia Kuu yenyewe ilituletea swali lingine. Binti yangu anajifunza Kiswahili cha shule, na shuleni ni njia, si ndia. Akaniambia kibao kimekosewa. Nikamwambia amsikilize nyanya yake vizuri siku nzima kisha aniambie. Jioni alikuja na hesabu yake: nyanya amesema "ndoo" badala ya njoo, na "ndaa" badala ya njaa. Kibao hakikukosewa. Kimeandikwa Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa. Ule uso wake wakati alipogundua kwamba mtaa mzima umepewa jina kwa lugha ya nyanya yake, nimeujaribu kuuchora na bado sijaupata.

Lakini kubwa zaidi ilikuwa ya leso.

Mama yangu ana sanduku la mbao lenye nguo za marehemu mama yake, na hulifungua mara moja kwa mwaka kuzipigisha jua na kuzitia udi. Mwaka huu tulikuwepo. Zilitoka leso nyingi, nyingine laini mno hata waogopa kuzikunjua. Nilikaa chini na binti yangu nikamwonyesha ninavyozijua: hili pambo linalozunguka ni pindo, hapa katikati ni mji, na haya maandishi ni jina. Nikamweleza pia nilichoelezwa mimi, kwamba neno lenyewe, leso, tumelitoa kwa Wareno, na kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vikiwa bado vimeshikana kwenye gora. Walikata sita, wakashona vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaanza kuleta nguo nzima iliyokwisha kuchapwa. Kwa maana nyingine, leso ilibuniwa na wanawake waliokuwa na sindano na haja, na biashara ikafuata nyuma yao.

Leso moja, nyekundu na nyeusi, ilikuwa na jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mimi niliitazama nikadhani ni dua. Ndivyo nilivyodhani tangu utoto wangu, na ndiyo sababu sikuthubutu kamwe kuikalia. Binti yangu, ambaye kila alasiri yuko chuoni akisoma Kurani na macho yake yamezoea herufi zile kuliko yangu, aliinama akaanza kuendeleza kwa kidole. "Wi... ma. Wima. Ha... u... zi. Hauzi." Akainua kichwa. "Mama, hiki si Kiarabu. Lakini sielewi. Wima hauzi kitu gani?"

Nyanya yake alikuwa ameketi na chetezo mkononi. Alinyamaza kidogo, midomo ikienda. Kisha akapasua kicheko ambacho sijakisikia tangu baba afariki. "Wema hauozi! Wema hauozi, mwanangu! Soma tena."

Kiarabu kina irabu tatu, a, i na u. Kiswahili kina tano. Aliyeiandika leso ile alilazimika kuiweka e ndani ya i, na o ndani ya u, na kumwachia msomaji kazi ya kuzitoa, maana msomaji alikuwa Mswahili na angeijua methali. Ndivyo lugha yetu ilivyoandikwa karne kadhaa, barua, tenzi, hesabu za madeni, na ndivyo majina ya leso yalivyochapwa mwanzo, kabla ya herufi za Kirumi kushika nafasi. Nilikuwa nikiyajua haya kama mtu anavyojua jambo la darasani. Sikuwa nimeyaona yakitokea sebuleni kwetu, kwa kidole cha mtoto, juu ya nguo ya mtu wangu.

Hebu fikiria. Mama wa mama yangu hakupata kwenda skuli. Alisoma chuoni tu. Akaenda dukani, akachagua nguo kwa sababu aliweza kuisoma, akaivaa, akaiweka. Mjukuu wake, mimi, mwenye vyeti, nikaishi na nguo ile miaka mingi nikidhani inasema jambo jingine kabisa. Kitukuu akaisoma kwa dakika tano. Nimelifikiria hili kila siku tangu hapo, na kila nikilifikiria mkono wangu unataka penseli.

Jumatatu iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, nilitoka ofisini nikaenda Mtaa wa Biashara. Nilipitia duka la Mali ya Abdulla, ambalo limekuwapo tangu 1887, nikanunua doti moja. Nikakaa karibu na fundi wa cherehani anayepinda leso barazani. Nilimwuliza maswali mengi, naye akajibu bila kusimamisha mguu. Nilichokipenda ni kwamba yeye husoma kila jina kabla ya kukata. Akikata bila kusoma, alisema, huenda akapinda leso mbili zisizokuwa pamoja.

Nina shoga yangu mmoja anayependa kuandika mashairi. Tulizungumza haya na hakukubaliana nami. Kwake yeye nyumba ndiyo inayoua shairi: mtoto analia, nazi inangoja kukunwa, mgeni yuko mlangoni. Anangoja likizo aende mahali pa utulivu, Watamu au Lamu, ndipo aandike. Sitaki kumdharau. Uchovu ni kweli, na mwanamke anayetoka kazini akaingia jikoni anaujua. Utulivu nao una kazi yake, kurasa zangu sita nilizichora watoto wakiwa wamelala. Lakini utulivu ulikuwa wa kuchorea tu. Nilichokichora kilitoka katikati ya zogo, kwenye mlango unaofungwa na kufunguliwa na mtoto anayepiga kelele.

Nilimtajia Muyaka bin Haji, malenga wetu wa hapa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840. Muyaka alitunga katika mji uliokuwa kwenye vita, Wamazrui waliokuwa wakiutawala upande huu na Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, upande ule, na vita hivyo vimo katika mashairi yake. Lakini yamo pia mapenzi, njaa, marafiki waliomgeuka, mambo ya mtu na nyumba yake. Na tunayo leo kwa sababu watu wa mji huu waliyaweka kichwani miaka mingi baada yake, mpaka mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kuyaandika, kwa herufi zilezile za leso yetu, akisaidiana na mmisionari Mwingereza, William Taylor. Nadhani watu waliyahifadhi kwa sababu walijiona ndani yake. Shoga yangu alisema atafikiri.

Siku ya mapumziko ya shule niliwapeleka watoto wangu wote wawili Ngomeni, yaani Fort Jesus. Kila mtoto wa Mombasa hupelekwa na walimu, huambiwa Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, huambiwa tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia, akarudi nyumbani. Mimi nilitaka waone kitu kimoja tu: ukuta wenye michoro ya askari na mabaharia wa Kireno. Wamechora vyombo vya baharini, samaki, watu. Si michoro ya mabingwa. Ni ya watu waliokuwa mbali na kwao, wakakichora kile kilichopita mbele yao na kile walichokikumbuka, kwa rangi waliyoweza kuipata. Kijana wangu wa miaka mitano alisimama pale muda mrefu. Akaniuliza kama mama zao waliwaruhusu kuchora ukutani. Nikamwambia mama zao walikuwa mbali. Akasema, "Ndiyo maana wamechora meli."

Niliandika maneno hayo pembeni mwa daftari palepale, kwa mkono unaotetemeka.

Sasa tuna kawaida nyumbani. Kila mtu anaweza kuuliza jina la kitu kimoja kwa siku, na anayejua lazima asimame akionyeshe, asikitaje tu. Kwa njia hii nimejifunza ukili, ule mkanda wa miyaa iliyosukwa ambao hushonwa kwa kuuzungusha mpaka ukawa mkeka, na mama akatuletea kipande chake alichokiacha bila kukimaliza. Nimejifunza bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na kwa nini siku hizo baba yangu alikuwa akirudi kutoka pwani na ndoo imejaa. Kifumbu nilikuwa nikikijua. Watoto hawakukijua, kwa sababu mimi huchuja tui kwa chujio la plastiki. Nimekwenda Marikiti kukitafuta kile cha kusuka.

Daftari limebakisha kurasa nane. Ndani ya sanduku kuna leso nyingine yenye herufi za Kiarabu, ya kijani, iliyochakaa sana, na jina lake limefutika nusu. Binti yangu amelisoma neno la kwanza, "mwenye", na la mwisho, ambalo ni "sima" au "sema", hatujui bado. Mama anasema dada yake mkubwa, anayekaa Kibokoni, alikuwa akiivaa leso hiyo usichanani kwake. Ijumaa baada ya swala tutaikunja ndani ya mfuko safi twende tukamuulize.