Wao Mlima Wanawapa Watoto, Sisi Wetu Tumewaachia Wageni

Nimezaliwa Moshi, na kila asubuhi isiyo na mawingu nilikuwa naiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nikienda shule. Weupe ule tuliuita barafu. Darasani kwetu hakuna aliyewahi kuugusa, wala mwalimu aliyetuambia kwamba tunaweza kuusogelea. Mlima ulikuwa wa wazungu, na wa baba zetu wadogo waliowabebea mizigo. Theluji ya kwanza kuishika kwa mkono wangu niliishikia Salzburg, Austria, nikiwa na miaka 29.

Nayasema haya kwa sababu Februari, wiki ya likizo ya shule, tumetoka tena milimani kuteleza kwenye theluji na watoto, na nilipotuma picha kwenye kundi la familia maneno yakaanza. Dada yangu akauliza kama hela hizo zisingetosha kuezeka nyumba. Mama akapiga simu kabisa: "Mwanangu, unalipa hela ili mtoto akaanguke?" Nimewajibu mmoja mmoja. Lakini nataka niandike kwa urefu, maana nazijua familia nyingi za kwetu, Watanzania na Wakenya, hapa Austria na hata Ujerumani, zinazojifungia ndani wiki ile kwa sababu hizo hizo.

Wiki yenyewe ina historia yake. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, Austria ilifunga shule kwa wiki moja Februari 1974 ili kuokoa mafuta ya kupashia madarasa joto. Mgogoro ulipita, likizo ikabaki, na wapo mpaka leo wanaoiita likizo ya nishati. Familia ziliigeuza kuwa wiki ya kwenda kuteleza kwenye theluji. Siku hizi majimbo hupishana wiki ili barabara na hoteli zisizidiwe.

Mwanangu wa kwanza alipokuwa darasa la kwanza, alirudi kutoka likizo hiyo akaambiwa, pamoja na wenzake, achore alichofanya. Alichora lifti ya mlimani, ile ya viti vinavyoning'inia kwenye waya, ambayo hakuwahi kuipanda. Mchoro ule ninao mpaka leo. Hakusema uongo kwa mdomo, na mimi sikumkemea, ila usiku ule mimi na baba yake tulikubaliana kwamba mwaka unaofuata tutakwenda.

Tulikwenda vibaya. Tulichagua eneo kubwa lenye sifa, hatukumchukua mwalimu, tukadhani kuteleza ni jambo la kumwonyesha mtoto kwa mkono kama kuendesha baiskeli. Tulipanda lifti hadi njia ya rangi ya buluu, kwa kuwa hapa Austria buluu ndiyo nyepesi kuliko zote, ikifuatiwa na nyekundu, kisha nyeusi. Nyepesi ni kwa anayejua kusimama. Sisi hatukujua. Mtoto aliketi kwenye theluji akakataa kunyanyuka, mdogo wake akalia miguu inamuuma kwa baridi, na saa sita mchana tulikuwa ndani ya gari. Naeleza haya kwa sababu wengi huishia hapo, wakasema mchezo huu si wetu. Kosa halikuwa la mchezo wala la rangi yetu. Tulianzia juu, na mahali pa kuanzia ni chini.

Mwaka uliofuata tulikwenda Filzmoos, kijiji kilicho kwenye mita zaidi kidogo ya 1,000, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka kwetu. Pale anayeanza haanzii kwenye lifti. Kuna kiwanja chenye mteremko mdogo na zulia la mpira linalotembea ardhini: mtoto anasimama juu yake na skii zake, vile vibao virefu vya kutelezea vinavyofungwa miguuni, linampandisha taratibu, anashuka hatua chache, anapanda tena. Mara 20, mara 30. Mwalimu hatoi maelezo marefu. Anawaambia watoto wafanye "pizza", yaani wakutanishe ncha za skii mbele na kutanua nyuma, na hapo mwendo unapungua mpaka wanasimama. Wakitaka kwenda kasi wanaziweka sambamba, na hiyo inaitwa "Pommes". Wanangu wametafsiri papo hapo. Nyumbani kwetu ni pizza na chipsi, na binti yangu ndivyo alivyonifundisha mimi.

Maana mimi pia nilijifunza, na baba yao pia, na ninaliona hilo ni jambo kubwa. Watoto wetu hutuona kila siku tukiwa watu wazima tusiokamilika katika nchi hii: Kijerumani chetu kinasahihishwa, barua za ofisini wanatusomea wao. Lakini kwenye mteremko ule niliwaona Waaustria wenye mvi wakianguka mbele ya wajukuu zao, wanainuka, wanapangusa theluji. Pale kutojua si aibu ya mgeni. Ni hali ya kila anayeanza, na wanangu wameiona kwa macho yao.

Kuna mambo ambayo hakuna mtu alituambia, nami nawaambia ninyi. Vaeni soksi moja tu, nyembamba na ndefu. Sisi watu wa joto tunaongeza soksi ya pili, buti linabana, damu haipiti, na mguu unaganda zaidi. Hicho ndicho kilichomliza binti yangu mwaka wa kwanza. Kofia ngumu kwa watoto chini ya miaka 15 ni sheria katika majimbo mengi, kwa hiyo msuke twende kilioni zinazolala kichwani. Rasta za kufungwa juu hazitaingia. Pakeni mafuta ya kuzuia jua hata kama ngozi ni nyeusi, kwa sababu theluji inarudisha mwanga usoni kutoka chini. Na dukani mnakokodi skii mtaulizwa uzito na urefu wa mtoto. Semeni kweli kabisa. Kile kifungio kinachoshika buti kwenye skii kinapimwa kwa uzito huo ili kiachie mguu mtoto anapoanguka. Kikikazwa kupita kiasi, kinachogeuka ni goti.

Bima nayo. Kadi ya kawaida ya matibabu hailipii helikopta ya uokoaji mtu akiumia milimani kwenye mapumziko yake. Sisi tumejiunga na chama cha wapanda milima cha Austria, Alpenverein, ambacho uanachama wake una bima ya uokoaji.

Gharama sitazificha. Katika maeneo makubwa tiketi ya siku ya mtu mzima sasa ni zaidi ya yuro 70, na kuna Waaustria wazawa ambao hawaimudu tena. Shule hupeleka madarasa milimani kwa wiki nzima, lakini anayelipa ni mzazi, na katika darasa la mwanangu wapo waliobaki. Hilo linaniuma. Ila anayeanza hahitaji tiketi ya mlima mzima. Tiketi ya zulia na lifti ndogo inatosha siku tatu za kwanza, na skii za mtoto hukodiwa kwa msimu mzima au kununuliwa kwenye minada ya mitumba ya majira ya kupukutika majani. Mtoto anakua, usimnunulie mpya.

Sasa nirudi kwa dada yangu na mabati yake. Dada, ninachokinunua ni haki ya mtoto kuijua nchi anayokulia kwa miguu yake mwenyewe. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akaletwa Austria akiwa na miaka mitatu, akajifunza kuteleza katika milima ya Steiermark, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Pyeongchang. Binti yangu anamjua. Sisemi wangu watafika huko. Nasema amemwona mtoto wa pwani yetu ambaye mlima haukumkataa.

Kinachonikosesha usingizi ni kwetu. Mwaka 1889 waliofika kilele cha Kibo walikuwa Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, Mwaustria, mwalimu wa mazoezi ya viungo hapa hapa Salzburg. Aliyewaongoza njia, tunavyosimuliwa Marangu, ni Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Kichaga. Zaidi ya miaka 130 baadaye, mji wa yule mwalimu unawapeleka watoto wake mlimani, na kijiji cha yule kijana bado kinabeba mizigo. Grossglockner, mlima mrefu kuliko yote Austria, una mita 3,798; unaizidi kidogo tu kambi ya Horombo, iliyo njiani kuelekea Kibo. Sisi tuna mita 5,895 na watoto wetu wanaziangalia dirishani.

Sisemi huku ni bora kwa kila kitu. Wanangu wakiwa Moshi huamka wakapotea migombani, wanavuka mifereji, wanapanda miti, wanakula kwa mama yeyote aliye karibu, na jioni miili yao imejifunza mengi kuliko wiki ya masomo ya skii. Uhuru huo hapa haupo. Huku uwanja wa mtoto una saa ya kufunguliwa na kufungwa.

Desemba iliyopita tuliwachukua pamoja na binamu zao watatu, tukatembea kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara, mita 2,720, na kurudi siku hiyo hiyo. Kiingilio cha Mtanzania ni cha shilingi, mbali sana na dola anazotozwa mgeni, na msitu ule hauhitaji skii wala buti la kukodi. Njia nzima hatukukutana na familia nyingine ya Kitanzania. Mpwa wangu mkubwa ana miaka 14, amekulia Marangu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kupita lile lango.

Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Huku nako mizinga ya kutengeneza theluji inaunguruma usiku kucha, kwa kuwa mawingu peke yake hayatoshi tena. Sitaki wangu waisikie kwa kusimuliwa, upande wowote.

Desemba hii tunakwenda watoto tisa wa ukoo. Mama amesema atafika mpaka langoni, atakaa pale na chupa ya chai mpaka turudi.