Kizuri hakijiuzi

Waandishi tunaipenda sana ile methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Inatufariji. Ukishaiamini huna haja ya kuhangaika: andika kitabu kizuri, kaa kitako, wenye macho watakuja wenyewe. Niliiamini miaka yote mitatu niliyokuwa naandika riwaya yangu ya kwanza, na nikaiamini tena usiku ule nilipoituma kwa mawakala wa fasihi 38 kwa mkupuo mmoja, nikafunga kompyuta na kulala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Kati ya hao 38, walionijibu ni 11. Wote walikataa, na wengi wao kwa maneno yaleyale yaliyokwisha andaliwa: asante kwa kutufikiria, haikutuvutia kiasi cha kutosha, mwingine anaweza kuona tofauti, kila la heri. Mmoja alijibu ndani ya saa moja kunijulisha kwamba jina nililoandika juu ya barua si lake, ni la wakala mwingine. (Alikuwa na haki. Nilinakili na kubandika bila kusoma.) Waliobaki wamenyamaza hadi leo.

Nianze kwa kukiri kwamba bado sijachapishwa. Wanaotaka ushauri wa mtu aliyeuza nakala laki wamtafute mwingine. Mimi nazungumzia kitu kimoja tu nilichojifunza kwa gharama kubwa, nacho ni ile barua ya ukurasa mmoja ya kumwomba wakala akisome kitabu chako.

Kwa wageni wa mambo haya: wakala wa fasihi ni mtu anayepeleka mswada wako kwa wachapishaji, anabishana nao kuhusu mkataba, na kulinda haki zako za tafsiri, filamu na vitabu vya kusikiliza. Si kazi mpya. A. P. Watt, anayetajwa mara nyingi kuwa wakala wa kwanza wa fasihi, aliifanya London tangu karne ya 19 na alichukua asilimia 10. Siku hizi kawaida ni asilimia 15 kwa mauzo ya nyumbani na asilimia 20 kwa mauzo ya nje, kwa kuwa huko nje mara nyingi hugawana na wakala mwenzake. Wachapishaji wengi wakubwa wa London na New York hawapokei mswada uliotumwa na mwandishi mwenyewe. Wachapishaji wadogo wengi hupokea, na hiyo ni njia halali kabisa, si njia ya walioshindwa. Lakini ukitaka mlango mkubwa, lazima upite kwa wakala, na wakala kwanza anasoma barua yako. Mara nyingi anaishia hapohapo.

Sasa nitawaonyesha aibu yangu. Hii ndiyo aya niliyoituma kwa watu 38:

"Riwaya hii ni safari ya kihisia inayochunguza mapenzi, usaliti na nguvu ya mwanamke katika dunia inayobadilika kwa kasi. Kupitia macho ya Saida, msomaji atacheka, atalia na kujiuliza maswali mazito kuhusu maana ya msamaha. Ni kitabu kitakachomgusa kila mtu."

Isome tena, kisha uniambie kinatokea nini katika kitabu hicho. Huwezi. Hata mimi niliyekiandika siwezi. Saida ni nani? Anataka nini? Nani amemzuia? Badala ya kusimulia hadithi nimeipigia debe, na kila sifa niliyojimwagia ("itamgusa kila mtu") ni hukumu ambayo si yangu kuitoa. Msomaji ndiye anayesema kwamba ameguswa. Mimi kazi yangu ni kumpa kitu cha kumgusa.

Ilinichukua wiki tatu kuandika aya nyingine. Wiki tatu kwa sentensi nne! Ikatoka hivi:

"Saida hushona magauni ya harusi. Siku nane kabla ya harusi ya rafiki yake wa pekee, bwana harusi ambaye bado hajatambulishwa kwake anakuja dukani kulipia gauni, na Saida anamtambua: ndiye aliyetoroka miaka sita iliyopita na akiba yote ya mama yake Saida. Akisema, rafiki yake ataona ni wivu. Akinyamaza, gauni analolishona kwa mikono yake ndilo litakalompeleka rafiki yake kwa tapeli."

Simwambii mtu kwamba ni aya ya dhahabu. Lakini ina mtu, ina siku zinazohesabika, na ina njia mbili zenye maumivu pande zote. Wakala akiisoma anaweza kujiuliza Saida atafanya nini, na swali hilo ndilo linalomfanya afungue kurasa za mwanzo.

Nilipomaliza nilifurahi kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikafungua mswada kutafuta pale Saida anapomtambua yule bwana. Ukurasa wa 214. Kabla ya hapo kulikuwa na kurasa 213 za utoto wake, mafunzo yake ya cherehani, ugomvi wa shangazi zake, na sura nzima kuhusu aina za vitambaa niliyoipenda kuliko watoto wa ndugu zangu. Barua ilisema kitabu kinaanza na mtu anayeingia dukani. Mswada ulisema subiri kwanza, kaa, nikusimulie kuhusu hariri.

Watu huichukulia barua ya wakala kama fomu ya kujaza baada ya kazi kwisha, kama kupiga mhuri. Kwangu imekuwa kipimo. Hadithi ikigoma kukaa ndani ya sentensi nne, kosa mara nyingi haliko kwenye sentensi. Ama mhusika hataki kitu, ama anachokitaka hakina kizuizi, ama kizuizi kimechelewa kama changu. Ningeandika barua ile mwaka mmoja mapema, ningeokoa mwaka.

Nilikata. Mswada ulikuwa na maneno 131,000, na hiyo nayo niliiandika kwenye barua kwa majivuno, nikidhani unene ni sifa. Kwa riwaya ya kwanza ya watu wazima mawakala wengi hutarajia kati ya maneno 80,000 na 100,000, fantasia ikiruhusiwa kuzidi kidogo. Ukitaja 131,000 kwa hadithi ya fundi cherehani umeshajieleza kwamba hujahariri. Baada ya miezi saba nilibaki na 96,000. Sura ya vitambaa imekufa. Mungu ailaze pema.

Mengine kwenye barua ni madogo na nitayapita haraka. Jina sahihi la wakala, na sababu moja ya kweli ya kumchagua yeye. Aina ya kitabu na idadi ya maneno. Vitabu viwili vya kulinganisha vilivyotoka miaka michache iliyopita, si vile vya magwiji ambavyo kila mtu anavijua, kwa sababu wakala anataka kujua nani ananunua kitabu kama chako leo. Mistari miwili kukuhusu. Kama huna tuzo usiziombee radhi, nyamaza tu. Usiseme mama yako amekipenda. Usiseme ni cha kwanza katika mfululizo wa vitabu saba. Uingereza kwa kawaida wanataka barua, muhtasari na sura tatu za mwanzo. Marekani wengi wanataka barua na kurasa chache tu. Lakini kila wakala ameandika masharti yake kwenye tovuti yake, na akisema kurasa 10 usipeleke 12. Riwaya iwe imekamilika kabla hujatuma chochote. Kitabu kisicho cha kubuni ni habari nyingine: huko unaweza kuuza pendekezo lenye sura za mfano kabla hujamaliza kuandika.

Kuhusu muhtasari, neno moja. Usifiche mwisho. Ule si tangazo la filamu. Sema nani alidanganya, nani alikufa, harusi ilifungwa au haikufungwa. Ukiandika "je, Saida atafanya nini?" kwenye muhtasari, wakala atadhani hata wewe hujui.

Kosa langu kubwa zaidi, hata kuliko ile aya, lilikuwa kutuma kwa watu 38 siku moja. Wakala akishakataa kitabu, kwa kawaida hataki kukiona tena, labda kiwe kimebadilika kweli kweli. Kwa hiyo kwa usiku mmoja nilijifungia milango 38 kwa barua mbovu, bila kujipa nafasi ya kujua kwamba ni mbovu. Siku hizi natuma saba saba na kuandika kila kitu: nani, lini, nilimpa nini, amesema nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na majibu ya mawakala ni mali, hata yakiwa mabaya, mradi ujue kuyasoma. Saba wote wakinyamaza au kukataa bila kuomba mswada, tatizo liko kwenye barua au kurasa za kwanza, maana hicho ndicho pekee walichokiona. Wakiomba mswada mzima kisha wakakataa, barua imefanya kazi yake. Nenda kakague kitabu, hasa katikati. Rekebisha ndipo utume kwa saba wengine. Na wakala akitangaza kwamba kimya baada ya wiki nane ni hapana, basi ni hapana. Usimwandikie kumuuliza kama barua ilifika.

Halafu kuna matapeli, nao wananitia hasira kwa sababu huwawinda waliokwisha choka. Mwezi mmoja baada ya zile barua 38 nilipata baruapepe ya mtu aliyejiita wakala, akiusifu mswada wangu kwa shauku ambayo hakuna aliyewahi kunionyesha. Alitaka ada ndogo tu ya kusoma. Nilikaa na ile baruapepe siku mbili, na nikatafuta pa kupata hizo pesa. Kanuni haina mlango wa nyuma: wakala halisi halipwi na mwandishi kwa kusoma, kwa kuhariri wala kwa "gharama za kusajili". Anapata asilimia yake pale mchapishaji anapolipa, asipouza hapati kitu. Ukiwa na shaka, tafuta jina lake kwenye tovuti ya Writer Beware, inayowaonya waandishi kuhusu matapeli, halafu uangalie ni vitabu gani amewahi kuuza na kwa wachapishaji gani. Na wakala halisi akikupa nafasi, usitie saini siku hiyohiyo kwa furaha. Omba wiki mbili, wajulishe wengine wenye mswada wako, muulize anaona kitabu kinahitaji marekebisho gani na mkataba wenu unavunjwaje. Swali hilo la mwisho linatia haya kuuliza, lakini liulize.

Barua mpya nimeituma kwa mawakala saba ambao hawakuwa kwenye ile orodha ya kwanza. Wanne wamekataa, mmoja hajasema kitu, wawili wameomba mswada mzima. Kati ya hao wawili, mmoja amekaa nao miezi minne kisha akanirudishia ukurasa mmoja na nusu wa sababu za kukataa, na nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, kwa kuwa anamzungumzia Saida kama mtu anayemjua. Wa pili bado anao. Leo ni wiki ya 11.

Nimeanza riwaya nyingine. Safari hii nimeanza na barua. Ina sentensi nne, nimezibandika ukutani juu ya meza, na ya tatu bado inagoma, kwa hiyo sura ya kwanza sijaigusa.