Twiga wa Kuuza Moshi, Mbege ya Ntiro New York

Pita kwenye maduka ya vinyago katikati ya mji wa Moshi, utakuta kuta zinafanana: twiga wawili wamepishanisha shingo, kilele cha Kibo nyuma yao, na Wamasai watatu wembamba wakitembea kwa mstari. Turubai hazina fremu. Mgeni akishalipa, picha inaviringishwa na kuchomekwa kwenye begi la kupandia mlima.

Wapo wanaoona hii ni aibu kwa mkoa uliozaa wachoraji wa maana. Hawasemi ovyo. Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma na kufundisha Makerere, akasomea pia chuo cha sanaa cha Slade, London, kisha akawa balozi wa Tanganyika huko huko Uingereza. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi mbege, pombe ya ndizi na ulezi, usiku. Mchoro huo ni mali ya Museum of Modern Art, New York. Elimo Njau wa Marangu alichora Injili kwenye kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, Yesu akiwa Mwafrika kati ya Waafrika, na miaka ya 1960 akaanzisha nyumba ya sanaa ya Kibo huku kwao. Njau ana msimamo mkali juu ya kunakili: msanii anayerudia kazi ya mwenzake hajaumba kitu. Ukiwa na wazee wa namna hiyo, halafu mjini ukakuta twiga yule yule duka baada ya duka, lazima uulize kulikoni.

Lakini hoja hiyo hupungua nguvu ukiikagua. Mtindo wa Tingatinga, ambao picha hizo za madukani zinaufuata, haukuzaliwa Kilimanjaro, ni kweli. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao, na wanunuzi wake wengi walikuwa wageni wa Oysterbay. Tangu mwanzo ilikuwa sanaa ya kuuza. Anayemlaumu kijana wa Moshi kwa kuchora kinachonunuliwa amlaumu na mwasisi. Na Ntiro mwenyewe? Hata yeye mchoro wake ulinunuliwa na wageni, ndiyo maana hatunao. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na pesa nyingi zaidi na ukuta mkubwa zaidi.

Isitoshe, kijana huyo ana kodi ya fremu ya duka. Mvua za masika zikianza, wapanda mlima wanapungua na mauzo yanalala. Kumwambia ajaribu mtindo wake mwenyewe mwezi wa nne ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara.

Mimi nauona mkasa upande mwingine kabisa. Ntiro alichora shughuli za watu wake: shamba, soko, harusi, mbege. Alichora kitu ambacho mtu wa Machame angekitambua na pengine angebishana nacho. Picha za madukani zinachorwa kwa jicho la aliyekuja juzi na anaondoka kesho, na bei yake mara nyingi inaanza kutajwa kwa dola. Mwenyeji haingii. Sebuleni kwake ametundika kalenda ya benki na picha ya harusi, na sioni sababu ya kumcheka, maana hakuna aliyewahi kumwonyesha kingine.

Makumbusho ya Taifa ina vituo viwili Arusha: kile cha elimu viumbe ndani ya boma la Mjerumani la mwaka 1900, na cha Azimio la Arusha. Kilimanjaro haina hata kimoja. Watasema jumba la sanaa ni anasa wakati zahanati hazina dawa, na katika kikao cha bajeti ningepata taabu kuwapinga. Ila madarasa na kumbi za mikutano tayari zipo. Shule moja ikipata kibali cha kuchapisha mchoro ule wa mbege kwa ukubwa unaoonekana, mtoto wa Machame ataona kwamba kumpelekea bibi harusi pombe usiku ni jambo linalostahili kuchorwa. Njau, kwa msimamo wake, huenda akaguna kuona nakala. Mimi ningeitundika hivyo hivyo.