Kokoto Nilitia Mimi

Kikundi chetu cha Mbagala kilikuwa na vijana saba, ari tele, hela hakuna. Tukapanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa ukishamaliza usafi, tuupigie muziki kwa vyombo vilivyotengenezwa kwa takataka tupu. Kwenye kikao nikajifanya msemaji. Nikawaambia Edward Saidi Tingatinga alianza na rangi za baiskeli kwenye hadibodi pale Oysterbay, leo michoro yake inajulikana dunia nzima. Nikaongeza kwamba wapiga mchiriku walitumia vinanda vya Casio, vile vidogo vya watoto, na Uswahilini watu walikesha. Sisi na makopo yetu tunashindwa nini? Wakanipigia makofi, kisha wakanikabidhi kazi yote ya kutengeneza.

Wiki mbili nikawa fundi. Dumu la lita 20 likawa ngoma. Galoni la mafuta ya kula nikalivalisha mshipi wa kuvulia nilioununua Feri, likawa gita. Lilitoa sauti ya mbuzi mwenye mafua, lakini lilitoa. Fahari yangu ilikuwa manyanga: chupa 40 za maji. Mwanzo nilitia mchele, panya wakatoboa sita usiku mmoja. Nikahamia kokoto ndogo zilizobaki kwa jirani anayejenga, nusu kiganja kila chupa.

Ijumaa usiku nikavijaza vyote kwenye sandarusi mbili, nikaziacha barazani. Chumba changu ukiingiza ngoma sharti utoe kitanda.

Asubuhi naamka, baraza linang'aa. Mama mwenye nyumba kashika fagio, uso umemchangamka.

"Shikamoo mama. Mizigo yangu iko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Yale makopo? Kijana wa guta kayabeba. Tena hakunitoza hata mia. Kijana mwema yule!"

Mwema! Nikatoka mbio na msuli kiunoni, mswaki mdomoni, nikiuliza kila kona guta limepita wapi. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayenunua makopo.

Kwa wasioijua biashara hii: makopo hununuliwa kwa kilo, na kopo tupu ni jepesi kama ahadi ya fundi cherehani siku mbili kabla ya Idi. Ndiyo maana wapo wanaochomekea mchanga au maji ili mzani ushuke. Wanunuzi wanawajua, na hawawapendi.

Nakuta mzani unaning'inia kwenye mwarobaini, na mzee kashika chupa yangu anaitikisa mbele ya pua ya kijana wa guta.

"Hii nini?" Cha-cha-cha. "Nakuuliza, hii nini?" Cha-cha.

Nikiri tu, alikuwa anakwenda na mdundo kuliko mpiga manyanga wetu. Kijana anaapa kwa mama yake kwamba hajui kitu. Roho ikaniuma. Nikautoa mswaki.

"Mzee, mwachie! Makopo yangu hayo. Kokoto nilitia mimi!"

Uwanja mzima ukanyamaza. Waokota makopo kama kumi wakanigeukia.

"Kumbe ndiye wewe!" mama mmoja akafoka. "Juzi nimekatwa kilo mbili nzima, naambiwa nimetia mchanga!"

Nikasikia geti linafungwa nyuma yangu.

Nikajitetea: ni vyombo vya muziki, kuna shughuli leo, mtaa mzima unasubiri. Mzee akanisogezea galoni kwa mguu. "Haya, piga."

Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika safarini. Sina cha kupigia, nikatumia mswaki. Nikapiga, nikafumba na macho, maana nilishaona ukifumba macho watu wanakuamini. Nilipoyafumbua walikuwa kimya vilevile, ila nyuso zimelegea. Yule mama akashusha pumzi.

"Mwachieni. Huyu si mwizi. Huyu ni mgonjwa."

Geti likafunguliwa. Ila mzee alishamlipa kijana wa guta, na kijana kwa wema wake wote alishatoweka, kwa hiyo vyombo vyangu ikabidi nivinunue. Mzee akatundika sandarusi zote mbili. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba, kama alivyosema mwenyewe, humo ndani mna kokoto, basi apunguze uzito wake.

Akavaa miwani, akausoma mzani taratibu.

"Kokoto, mwanangu, ulitia wewe."